Bi Pimbi na Shuka la Mirihi

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa nini?

*Mwenye mdomo ni wewe, tuambie!*

Pakawa jua, na jua lilikuwa na majirani.

*Majirani wa namna gani?*

Mmoja uchi, mmoja kajifunika gubigubi, mmoja kavaa vizuri, mmoja kanyang'anywa.

*Kanyang'anywa na nani?*

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sirudi nyuma.

Zamani hizo, kabla nchi za angani hazijaachana na kwenda kukaa mbalimbali, zilikaa jirani jirani kulizunguka jua, kama watu wanaoota moto. Aliyekaa karibu kabisa na moto alikuwa Zebaki. Nyuma yake Zuhura. Nyuma ya Zuhura, Dunia. Na nyuma ya Dunia, pembeni kidogo, Mirihi. Mnyama mwenye miguu mizuri aliweza kuruka kutoka nchi hii mpaka ile, ruu! kama mnavyoruka mfereji.

Kila nchi ilikuwa na shuka lake la hewa. Shuka hilo huwezi kuliona, lakini ukipuliza, pfff, unalisikia. Mchana jua linapenya ndani yake kama mgeni aliyekaribishwa. Jioni joto likiaga liende zake, shuka linalishika mkono: "Kaa kidogo, unakimbilia wapi?" Basi joto linakaa kidogo. Ndipo watu wanalala. Zebaki peke yake hakuwa na shuka, maana alikuwa mdogo, na alikaa karibu mno na jua. Pumzi ya jua ilimvua lake, likapeperuka, asilione tena.

Sasa, kule Mirihi, juu ya mawe mekundu, kando ya mto, ilikaa jamaa ya pimbi. Wakati huo Mirihi kulikuwa na mito, msiniulize. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene, hana mkia wa maana, na baridi haiwezi hata kidogo. Usiku pimbi hulala wamelundikana, huyu juu ya huyu, wapate joto. Katika jamaa hiyo alikuwapo Bi Pimbi, mjane, na wanawe, na mama yake mzazi ambaye wote walimwita Nyanya. Nyanya ndiye aliyekuwa mpishi. Alichimba shimo, akawasha moto, akatia viazi, akavifunika majani na majivu, halafu akauacha moto uzimike. Na viazi vikaiva.

"Mama," Bi Pimbi alimwuliza siku moja, "vinaivaje na moto umekwisha?"

"Moto umekwisha, joto halijapata njia," akajibu Nyanya. "Usifunue funue."

Na kule Zuhura aliishi Kiboko.

Kiboko alikuwa na ziwa zima peke yake, pana, la maji matamu, na vyura wengi pembeni walioimba kwa ruhusa yake. Alikuwa mfalme. Nani alimtawaza? Mdomo wake ulimtawaza. Akiufungua, waa! hakuna aliyebaki na swali. Lakini ngozi yake ilikuwa tupu, haina hata unyoya, na kila jioni akitoka majini alinung'unika.

"Nasikia baridi mgongoni."

Vyura wakasema, "Pole, Mkubwa. Unalo shuka."

"Moja! Mimi, na mwili wote huu, shuka moja? Nani ana la ziada?"

Hakuna aliyekuwa na la ziada. Kila mtu alikuwa na lake. Lakini Kiboko hakuuliza mara ya pili. Akaruka, bwaa! akapita Dunia, akatua Mirihi asubuhi moja watu wakiwa bado wanapiga miayo. Akaliuma shuka la Mirihi kwenye pindo. Akavuta. Kwaruu! Akavuta tena. Kwaruuu! Milima ikalia, mito ikatetemeka, shuka likang'oka. Kiboko akalikunja, akalitia mdomoni, akaenda zake hata bila kwaheri.

Mchana ule hakuna aliyeelewa kilichotokea. Jua liliwaka kama jana. Ila ajabu: miguu iliyokanyaga mawe ilikuwa na joto, na masikio yalikuwa yanaganda. Jioni jua likazama, na joto likaondoka nalo papo hapo, lisishikwe mkono na mtu. Mto ukaanza kulia, ka, ka, ka. Ulikuwa unashika barafu.

Pimbi wakalundikana. Nyanya akasema, "Watoto ndani kabisa. Mimi nje."

"Mama, wewe ni mzee, kaa katikati."

"Mimi ndiye mfuniko," akasema Nyanya. "Usinifunue funue."

Kulipokucha watoto walikuwa hai. Nyanya alikuwa amekauka kama jiwe, mgongo wake umeelekea upepo, mikono yake bado imewakumbatia. Ilibidi wangoje jua lipande ndipo waweze kumnyoosha wamzike.

Bi Pimbi hakulia mbele ya wanawe. Aliwaingiza kwenye ufa wa mwamba, ule ufa mwembamba kuliko yote, akawarundikia nyasi kavu, akamwambia jirani yake, "Niangalizie." Kisha akashika njia. Aliruka Dunia, akaruka Zuhura, akamkuta Kiboko ametandaza mashuka mawili juu ya nchi yake, lake chini na la Mirihi juu, na yeye amejilaza ziwani, macho nje, anafurahi.

"Shikamoo, Mkubwa."

"Marahaba. Nani huyo? Sauti naisikia, mtu simwoni."

"Ni mimi, Bi Pimbi wa Mirihi. Nimefuata shuka letu."

"Shuka gani?"

"Lile ulilokuja kulichukua. Kwetu kuna baridi, Mkubwa. Mama yangu amekufa."

Kiboko akanyamaza kidogo. Mtu angedhani anafikiri. Kumbe alikuwa anacheua.

"Tatizo lenu nyinyi," akasema, "mmekaa mbali na moto. Mtu akisikia baridi anasogea kwenye moto, hilo hata mtoto anajua. Nenda Zebaki. Pale jua liko mlangoni. Mimi sihusiki."

"Mkubwa..."

"Waa!" Kiboko akafungua mdomo, na Bi Pimbi akajikuta ameshavuka mpaka.

Haya, afanye nini? Akafikiri: huenda mwizi naye husema kweli siku moja moja. Akaenda Zebaki.

Alifika jioni, maana Zebaki hujigeuza polepole sana, kama mgonjwa kitandani, na jioni yake haiishi haraka. Upande mmoja mchana ulikuwa mkali, mawe yanapasuka kwa joto, taa! taa! Upande wa pili usiku ulikuwa mweusi, na mawe yanapasuka kwa baridi, taa! taa! Katikati, kwenye mstari mwembamba usio huku wala kule, alikuwa anatembea Mjusi. Hakusimama.

"Karibu, dada," akasema Mjusi akiwa anakwenda. "Samahani, sikai chini. Ukitaka kuzungumza, tembea."

Bi Pimbi akatembea naye. "Kaka, naambiwa kwako ndiko kwenye joto."

"Lipo. Nikichelewa kidogo, mchana unanikuta, unanibanika. Nikiharakisha mno, naingia usiku, unanigandisha mkia. Basi natembea na jioni. Natembea na jioni tangu nizaliwe."

"Lakini jua liko hapa hapa! Usiku wako unakuwaje na baridi kuliko wetu?"

Mjusi akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Jua halina choyo, dada. Linanipa mpaka nakinai. Sina pa kuweka. Linalonipa mchana, usiku halipo. Limepanda juu, limekwenda. Kama ningekuwa na shuka, hata jembamba, ningelala. Unajua, sijui kulala kukoje?"

Wakaendelea kutembea. Miguu ya Mjusi, tika tika tika. Bi Pimbi akawaza. Sisi tuko mbali na moto, hatuna shuka, tunaganda. Huyu yuko karibu na moto, hana shuka, naye anaganda. Kwa hiyo neno si moto peke yake, neno ni mfuniko. Kisha akamkumbuka Nyanya na viazi vyake shimoni, moto umezimika na viazi vinaiva. Akasimama ghafla, jua la mchana karibu limkamate.

"Kaka Mjusi, mtu akijifunika sana, halafu akaongeza, halafu akaongeza tena, inakuwaje?"

"Mimi wa kuniuliza hilo?" akasema Mjusi. "Lakini ningependa kumwona mtu huyo."

Bi Pimbi akamshukuru, akarudi Zuhura. Safari hii hakuomba. Alikaa kwenye jiwe kando ya ziwa, akaanza kuimba polepole, kama mtu anayejiimbia mwenyewe:

*Joto laingia, lapita mlangoni,*
*joto latoka, lapita dirishani;*
*mwenye kuziba dirisha, atakaa vizuri ndani.*

"Umerudi?" akauliza Kiboko. "Ulipata joto?"

"Nilipata, Mkubwa, mchana. Usiku likanikimbia. Nikasema, kumbe Mkubwa ana akili. Siri ni shuka."

Kiboko akavimba. "Nimeyajua hayo zamani. Na kesho naenda Dunia kuchukua la kwao. Yawe matatu."

Moyo wa Bi Pimbi ukapiga, pu! pu! Kule Dunia alikuwa ameona misitu akipita, na ndama, na vifaranga kwenye viota. Lakini uso wake haukubadilika.

"La Dunia? Sawa. Mkubwa ndiye anayejua. Ila nilidhani... basi, niache."

"Ulidhani nini? Sema!"

"Nilidhani mfalme havai mitumba."

"Mitumba?"

"Shuka la Dunia limevaliwa, Mkubwa. Lina jasho la punda. Na lile la kwetu, nisikufiche, wamelikojolea watoto. Mfalme hushona jipya, la kwake, lenye harufu yake."

Kiboko akalinusa shuka la Mirihi. Akakunja pua. "Na kitambaa nitakipata wapi?"

"Umezungukwa nacho, Mkubwa. Milima yako yote ile ina moshi tumboni. Iguse tu."

Kiboko akacheka, ho ho ho, maji yakamwagika ukingoni. Akasema kesho yake asubuhi ataanza.

Jioni ile Bi Pimbi alikaa peke yake ukingoni, hana furaha. Chura mmoja jike, mwenye macho makubwa na sauti nzito, akatoka majini akaketi karibu naye.

"Nimekusikia," akasema Bi Chura. "Mkubwa hajakusikia, lakini mimi nimekusikia. Joto litatoka wapi akiziba?"

Bi Pimbi akamgeukia. Angeweza kusema uongo. Alikuwa amesema uongo mwingi siku ile, mmoja zaidi usingemlemea. Lakini aliona mgongoni kwa Bi Chura viluwiluwi wamejibandika, wadogo kama mbegu.

"Halitatoka," akasema. "Wachukue wanao, mwende Dunia leo hii. Kuna madimbwi mengi huko. Waambie na wenzio."

"Na ukiona limezidi, utaweza kulizima?"

"Sijui, Bi Chura. Najua kuwasha tu."

Bi Chura akamtazama sana. Kisha akaita, kroo! Na vyura wote wa Zuhura wakaondoka, chubwi, chubwi, chubwi, wakaruka mpaka Dunia, ndiyo maana hata leo wapo. Ziwa likanyamaza. Kiboko alidhani wamelala.

Asubuhi Kiboko akauendea mlima wa kwanza, akaupiga kichwa. Gubu! Mlima ukafungua kinywa, ukatoa moshi, fuuuu. Moshi ukapanda, ukajitandaza chini ya mashuka. Kiboko akasikiliza mgongo wake.

"Aaa. Joto tamu. Limetosha?"

"Wewe unasemaje, Mkubwa?"

"Bado! Naongeza!"

Akauendea mlima wa pili. Gubu! Fuuuu. "Bado! Naongeza!" Akauendea mwingine, na mwingine, gubu gubu, fuuu fuuu, mpaka anga ikawa ya manjano na jua likaonekana kama taa nyuma ya pazia. Lakini lilipenya. Kidogo kidogo lilipenya, na joto lake likiisha kuingia halikuona pa kutokea.

Usiku ulipofika, Zuhura hakupoa. Asubuhi ilipofika, joto la leo likakalia joto la jana. Mchana na usiku vikawa ndugu, huwezi kuwatofautisha kwa kugusa jiwe.

Kiboko akashuka ziwani apoe. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Akasema, "Kama ya kuogea mtoto, mazuri." Kesho yake yalikuwa ya moto. Akasema, "Kama ya chai." Kisha akaona jambo. Maji yaliyokuwa yakimfika masikioni yalikuwa yanamfika tumboni.

"Nani anakunywa ziwa langu?"

"Hakuna anayekunywa, Mkubwa. Linapanda juu."

"Kufanya nini?"

"Limekuwa mvuke. Na mvuke nao ni shuka."

Maji yakamfika magotini. Mvuke ukapanda, joto likazidi. Joto likazidi, maji yakapanda. Yakamfika kwenye kwato. Halafu pale palipokuwa na ziwa pakabaki matope, matope yakapasuka, na Kiboko akasimama katikati, ngozi inamtoka jasho jekundu kama damu.

"Bi Pimbi! Ondoa! Nafa!"

Bi Pimbi alikuwa amejibana ndani ya pango refu, mahali pa mwisho penye ubaridi kidogo, na hata yeye alikuwa anahema kama mvukuto. "Ondoa lipi, Mkubwa?"

"Lolote!"

"Linaloondoleka ni la juu. Hayo mengine hayana pindo."

Kiboko hakungoja. Akapanda mlima, akaliuma shuka la Mirihi, akalivuta, kwaruuu! akalitema miguuni kwa Bi Pimbi.

"Chukua! Lipeleke mbali! Sitaki kuliona!"

"Mbali wapi, Mkubwa?"

"Mbali! Huko huko Mirihi!"

"Nimesikia, Mkubwa," akasema Bi Pimbi. "Nani atakataa amri yako?" Akalikunja, akalibeba mgongoni, akafika mpakani, na hapo akasimama.

Kiboko alikuwa amekaa chini, anangoja kupoa. Alingoja. Alinyoosha shingo. Alifungua mdomo apate upepo, na upepo uliingia wa moto.

"Bi Pimbi! Bado joto!"

"Najua, Mkubwa."

"Nimetoa shuka!"

"Umetoa la kwetu. Haya yaliyobaki umeyashona mwenyewe. Mimi sijui uzi wake ulipoanzia."

Hapo angeweza kucheka. Njia nzima kutoka Zebaki alikuwa amejiahidi kucheka. Lakini alipomwona mnyama mkubwa vile, amekaa kwenye matope makavu, anazungusha kichwa akitafuta ziwa lake kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba iliyobomoka, kicheko hakikuja.

"Ruka!" akapiga kelele. "Ruka, wewe! Dunia kuna mito!"

"Niiache nchi yangu?"

"Nchi yako haina pa kukukalisha! Ruka!"

Kiboko akatazama nyuma, akatazama mbele. Akaruka. Hakuruka vizuri, maana miguu ilikuwa imemnyong'onyea, lakini Dunia ilimpokea kwenye mto mmoja wa tope, bwaaa! na maji yakachemka kidogo pale alipotua. Akazama mpaka macho. Hakutoka siku ile.

Bi Pimbi akaenda kwao. Wanawe walikuwa hai ufani, wamekonda, midomo imebabuka, na mdogo wao alikuwa hawezi kusimama. Akalitandaza shuka. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu Nyanya afe, joto halikuaga mara moja. Watu walilala wamenyoosha miguu. Mto ukalegea, ukaanza kusema tena.

Ningependa kuishia hapo. Wasimulizi wengine huishia hapo.

Lakini Mirihi ni ndogo. Mikono yake haina nguvu ya kushika, na shuka lililokwisha kung'olewa halikai kama zamani. Asubuhi moja Bi Pimbi akaona pindo limeinuka, shwaa, linapeperuka kuelekea gizani. Akalirukia, akalikalia. Pindo la pili likainuka. Mtoto mkubwa akalikalia. La tatu, jirani akalikalia. Wakawa pimbi wote wa Mirihi wamekalia mapindo, hawawezi kwenda kula, hawawezi kulala, na bado hewa inachuruzika kati yao kama maji kwenye chekeche.

"Mama," mtoto mkubwa akasema, "tutakaa hivi mpaka lini?"

Bi Pimbi akatazama mawe mekundu. Alitazama pale walipomzika Nyanya. Alikuwa amekwenda kwenye moto, akamdanganya mfalme, akachemsha ziwa la watu, yote kwa ajili ya nguo hii. Na sasa nguo iko hapa, na nyumba haiwezi kuivaa. Pindo likampiga piga tumboni.

"Mpaka sasa hivi," akasema. "Inukeni."

Wakainuka. Shuka likaondoka lote, taratibu, likimetameta kidogo mahali liliposhika vumbi jekundu. Kipande chembamba kikabaki kimenasa kwenye milima mirefu, na kipo mpaka leo, hakimfuniki mtu. Pimbi wakashikana mikia wasiyokuwa nayo, wakaruka Dunia.

Na kule Dunia walifika asubuhi. Shuka la Dunia halikuwa zito, halikuwa jepesi. Mchana lilipitisha jua, jioni lilishika joto mkono, na alfajiri lilikuwa limeliachia kiasi cha kutosha ili la kesho lipate nafasi. Bi Pimbi alipanda mwamba mmoja, akajinyoosha juani, akafumba macho. Mpaka leo ukipita kwenye majabali asubuhi utamkuta pimbi anaota jua kwanza, kabla ya chakula, kabla ya salamu. Msimcheke. Anayajua ayajuayo.

Kiboko naye hakutoka mtoni mchana tena. Huingia asubuhi, hutoka jioni, na akiwa majini huacha macho na pua tu, anaangalia maji yasije yakapungua. Mto ule ulipita chini ya mwamba wa Bi Pimbi. Kwa muda mrefu hawakusemezana.

Jioni moja watoto wa pimbi walikuwa mwambani, wanazitazama nchi za angani, ambazo tayari zilikuwa zimeanza kwenda mbali na kuwa nyota. Mmoja akanyoosha mkono.

"Mama! Ile nyeupe inayong'aa kule machweo! Nzuri kuliko zote! Nani anakaa pale?"

Ilikuwa Zuhura. Mawingu yake mazito yalikuwa yanalirudisha jua kama sinia iliyosuguliwa, na kutoka mbali hakuna nyota iliyoshinda uzuri wake.

Chini mtoni, pua mbili zikaibuka. Kiboko alikuwa amesikia.

"Hakai mtu," akasema Kiboko. Sauti yake haikuwa ile ya waa. "Ule uzuri ni mfuniko wa chungu, mwanangu. Usiutamani."

Mtoto akashtuka, akamkimbilia mama yake. Bi Pimbi akamkumbatia, akatazama chini kwenye maji yaliyotiwa giza.

"Mkubwa," akasema polepole, "maji ya huko chini yakoje leo?"

Kiboko akapuliza maji puani. Kisha akajibu, "Baridi kidogo."

"Tukutafutie nyasi za kujifunika?"

"Hapana," akasema Kiboko haraka. "Hapana, mwanamke wewe. Acha ninung'unike tu." Akazama, bubububu, na mapovu yakamfuata.

Basi, wajukuu zangu na wenzangu, ngano hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba mtu mwenye cheo shuka moja halimtoshi. Inatufundisha kwamba wadogo wasisikilizwe, hasa wakiwa wameshawahi kuganda. Na inatufundisha kwamba nyumba ikijaa moshi, mtu mwenye busara haulizi umetoka wapi, huongeza kuni. Mwenye kubisha akamuulize Kiboko, akiibuka.

Hadithi yangu imefika kizingitini, imevua viatu, imeketi.

*Tumeipokea!*

Iliyo tamu gawaneni.

*Na iliyo chungu?*

Iliyo chungu iacheni wazi, msiifunike, ipoe.